Na Katesh nani alikosa?

Niko hapa Babati wiki ya nne sasa, mazoezi ya kufundisha yanaendelea na chaki imeshaniharibia mashati mawili. Leo sina stori za msosi wala za viboko wa ziwani. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi.

Kipindi cha fasihi kilibakiwa na dakika kumi, nikawasimulia kidato cha tatu Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), ile nchi iliyo angani. Wajumbe sita wanatumwa pande sita, nne za dunia pamoja na mbinguni na ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa nchi yao. Wanarudi nayo, wanatupwa gerezani, mpaka Karama anasimama barazani kuwatetea. Darasa likanoga. Nami kwa kujiamini nikafunga hivi: "Ukiona fujo katika nchi ya kubuni, tafuta nani alikosa."

Binti mmoja ambaye huwa haongei akanyoosha mkono. "Mwalimu, na Katesh nani alikosa?"

Kengele ikaniokoa, ila usingizi haukuja.

Si mnakumbuka? Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, Mlima Hanang uliporomosha tope, mawe na magogo hadi kwenye nyumba za watu. Walikufa zaidi ya 80. Baadaye nilisikia kwa masikio yangu watu wakisema eti ni dhambi za wenyeji. Mtoto mchanga naye alikuwa na dhambi gani jamani?

Usiku ule nikafungua Nagona ya Kezilahabi (1990). Pale chuoni jamaa ninayekaa naye chumba kimoja anaiita hadithi ya bangi, na wengi wetu tuliisoma kwa ajili ya mtihani tu. Ni kweli inachosha. Dunia yake haina ramani, wakati unajipinda, wakubwa wa falsafa kama Nietzsche wamo humo na bado msimulizi hapati jibu la kutembea nalo. Ukweli ni kama paa porini, wa kuwindwa. Lakini safari hii niliona nilichokuwa sikioni. Mwandishi yule yule aliyetupa Dunia Uwanja wa Fujo (1975), ambamo binadamu wenyewe wanavurugana, hapa ametupa fujo isiyo na mshitakiwa. Ipo tu, na roho inatakiwa ipite humo ikiwa macho. Kwenye Mzingile (1991) anaendelea mpaka dunia inaangamia, na bado hakomi kuuliza maisha yataanzaje upya.

Msimamo wangu ni huu. Tunadhani roho kuvuka dunia hii ni kupaa, kuliacha tope chini. Mbona Kusadikika iko angani tayari na bado inafunga wajumbe wake? Kuwa juu hakukuwaongezea utu. Ninaowaona mimi wamevuka ni wale wajumbe, kwa sababu walikwenda na wakarudi, wakijua jela inaweza kuwangoja. Na Katesh je? Waliofukua tope kwa majembe kumtafuta jirani hawakusubiri kwanza waambiwe nani alikosa. Kwangu roho inaonekana hapo.

Najua mtasema mwalimu wa Kiswahili afundishe dhamira na wahusika, mambo ya roho awaachie mapadri na mashehe. Nakubali, sina kipaza sauti cha msikiti wala mimbari. Lakini nikimfundisha mtoto kwamba kila fujo ina mkosaji, kesho atamtafuta kwenye kaburi la ndugu yake. Hiyo nayo ni imani, tena mbaya, na nimeifundisha mimi mwenyewe Alhamisi kwa dakika moja tu.

Jumatatu nitaanza kwa kuwaambia nilikosea. Mkaguzi akiwa nyuma ya darasa na andalio langu la somo mkononi, basi na aandike tu. Halafu nitamwambia yule binti kwamba kuna vitabu vya Kiswahili vilivyouliza swali lake kabla hajazaliwa, na walioviandika hawakuona aibu kukosa jibu.

Nyie wenzangu mlioko TP, mngemjibu nini? Nambieni kabla ya Jumatatu.

Tuko pamoja.