Ati watu wawili si bendi?

Wasee, wiki hii nimeangalia shoo moja ya zamani mara tatu na bado nina hasira. Si na shoo. Ni na lile swali mimi na rafiki yangu huulizwa kila tukitua na kibodi yetu kwenye harusi hapa Kalama: "Mwana wa mwaitu, bendi iko wapi?"

Shoo yenyewe ni Live at the Seaside ya Erasure, iliyorekodiwa Brighton, Uingereza, 1987, mwaka ule ule albamu yao ya pili, The Circus, ilitoka. Erasure ni watu wawili: Vince Clarke kwa sinthesaiza, Andy Bell kwa sauti. Ndio, jukwaani kuna waitikiaji, lakini hakuna mpiga ngoma. Video ni ya enzi za kanda za VHS, usitarajie picha safi. Mwangalie tu Andy. Anaruka, anatoa jasho, anawachokoza watu wa mbele. Vince naye yuko na mashine zake, ametulia kama karani wa benki. Huyo karani ndiye napenda zaidi, pengine kwa sababu kwa kikundi chetu karani ni mimi.

Na hawakuwa wamefika bado. Vince alikuwa ametoka Depeche Mode 1981, akaunda Yazoo na Alison Moyet, hiyo pia ikavunjika. 1985 akaweka tangazo kwa gazeti la Melody Maker kutafuta mwimbaji, Andy akajitokeza. Albamu yao ya kwanza, Wonderland ya 1986, haikufanya vizuri kwao Uingereza. Ni wimbo wa Sometimes uliowaokoa, ukapanda hadi nambari 2. Kwa hivyo pale Brighton unaona watu ambao bado wanajitetea. Ndiyo maana nimeirudia mara tatu.

Sasa rudi kwetu. Mwezi wa nane tuliitwa harusi moja karibu na Kola. Tulikubaliana elfu kumi. Jioni tukapewa sita, kwa sababu eti "kazi imefanywa na mashine." (Spika tulikuwa tumekodi elfu tatu. Piga hesabu.) Zile ngoma nilizipanga usiku tatu, pigo kwa pigo. Mwendo ukiharibika katikati ya wimbo, watu huniangalia mimi, hawaangalii kibodi. Mbona basi wakati wa malipo wanaangalia kibodi?

Wazee nawaelewa kiasi. Ukambani bendi ni gitaa. Nyumbani kwetu Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers huchezwa kila Jumapili mchana, na zile gitaa zikianza kujibizana hata mimi naacha simu. Na ukweli usemwe, kuna wasanii wametuharibia jina: msee anawekewa wimbo wake mzima, anatingisha mdomo tu, anaenda nyumbani na pesa. Watu wamechoka kudanganywa.

Lakini kumjua mdanganyifu ni rahisi. Zima maiki. Kama sauti yake bado inaendelea, umeibiwa. Zima ya rafiki yangu uone kama hutabaki na ngoma peke yake. Ya Andy pia, sauti yake pale ina pumzi na uchovu ambao studio ingeufuta.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Erasure wana ushahidi wa walivyokuwa mwanzoni. Sisi tumepiga harusi karibu kumi na mbili na tuna nini? Vipande vya sekunde kumi na tano kwa simu za wageni, nusu yake keki.

Jumamosi tuko Muumandu. Binamu yangu atashika simu shoo nzima bila kukata, hata tukikosea. Na pesa tunachukua kabla sijawasha kibodi.