Kumlisha Mfungwa Si Kumtendea Haki

Ndugu msomaji, yuko mnyama wa baharini aitwaye nyangumi muuaji. Jina la nyangumi lisikudanganye: huyu ni katika jamaa za pomboo, naye ndiye mkubwa wao wote, dume hupita urefu wa futi 20. Jina la muuaji amepewa kwa kuwa huwinda sili na hata nyangumi wenziwe. Ama mwanadamu, hapana habari iliyothibiti kuwa nyangumi huyu amepata kumwua mtu huko baharini alikokuwa huru. Lishike neno hili, maana ndilo ushahidi wetu wa kwanza.

Tangu miaka ya 1960 watu wa Marekani walianza kuwakamata na kuwatia katika mabwawa ya saruji, wacheze mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Mwezi wa Agosti 1970, mahali paitwapo Penn Cove, waliwazungushia nyavu kundi zima, wakawatenga wana na mama zao. Nyangumi wa pwani ile, mwana huandamana na mamake maisha yake yote. Baadhi ya wana walinaswa nyavuni wakafa maji. Maiti zao zikapasuliwa matumbo, zikajazwa mawe na kuzamishwa ili watu wasijue. Bahari ikazitupa ufukoni, siri ikafichuka.

Katika waliouzwa alikuwamo mwana jike mmoja aliyeitwa Lolita, akapelekwa Miami. Bwawa lake kina chake kilikuwa futi 20, na yeye mwenyewe alipokua urefu wake ulikuwa wapata futi 20. Mwenzake wa bwawani, Hugo, alikuwa akijigonga kichwa ukutani, akafa mwaka 1980. Tangu hapo Lolita hakuonana tena na mwenziwe wa jinsi yake, hata alipokufa Agosti 2023, mipango ya kumrudisha kwao ndiyo kwanza inazungumzwa.

Mwingine ni Tilikum, aliyekamatwa Iceland mwaka 1983 akiwa na umri wa miaka miwili hivi. Alihusika na vifo vya watu 3: mwaka 1991 huko Kanada, kisha 1999 na 2010 huko Orlando. Wa mwisho alikuwa mwalimu wake, mwanamke mwenye uzoefu wa miaka mingi. Baada ya hapo wakamweka mpaka alipokufa 2017. Sasa twauliza: aliyekuwa hamdhuru mtu baharini, nani aliyemfanya muuaji? Bahari, au bwawa?

Wenye mabwawa wana hoja zao. Husema, "Sisi twawalisha na kuwatibu." Na katika sisi wako watakaowaunga mkono, waseme kuwa wako wanavyuoni walioruhusu kumfuga ndege tunduni, na kwamba yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka alimfungia bila ya chakula. Kweli. Lakini ruhusa ile ina sharti, nalo ni kuwa mnyama asiteswe. Tena ikumbuke habari ya ndege aliyekuwa akipapatika juu ya Masahaba kwa kuwa walimchukulia makinda yake. Mtume (s.a.w.) aliamuru arudishiwe. Hapo hapakuwa na habari ya njaa. Palikuwa na uchungu wa mzazi. Basi ikiwa uchungu wa ndege mdogo ulihesabiwa, wa mama wa Penn Cove utapuuzwaje?

Husema pia, "Watoto hujifunza." Hujifunza nini? Humwona mfungwa akiruka apate kipande cha samaki, na mara nyingi dume lao pezi la mgongoni limelala ubavuni. Huko ni kumfundisha mtoto kupiga makofi mbele ya dhuluma.

Husema tena, "Waliozaliwa bwawani hawawezi kuishi baharini." Huenda ni kweli kwa wengi wao. Lakini hiyo ni hoja ya kutozalisha wengine, na kuwatafutia waliopo ghuba iliyozungushiwa wavu, wapate maji ya bahari na nafasi. Mwaka 2016 kampuni ya SeaWorld yenyewe ilitangaza kuacha kuwazalisha, na mwaka 2019 Kanada ikatunga sheria ya kupiga marufuku ufugaji huo.

Usiseme, msomaji, kwamba haya ni ya mbali. Wengi wetu tuna jamaa Uarabuni, na huwaendea. SeaWorld ilifungua milango Abu Dhabi mwaka 2023. Nyangumi huyu hakuwekwa, lakini pomboo wamo. Bwawa hujengwa kwa fedha ya mtazamaji. Asiponunua mtu tiketi, hapana atakayelijenga. Akitaka mwanao kuwaona, mpeleke Kizimkazi au Shimoni, mashua ikae mbali bila kuwafukuza. Wakija, ashukuru, wasipokuja, amejifunza kuwa wana hiari yao.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe vyake, vya bara na vya bahari. Amin.