XP ndani ya Linux, na Subaru ya mteja

Jamani, wiki iliyopita fundi mmoja hapa Rongai aliniletea laptopu. Programu yake ya zamani ya kurekebisha injini za Subaru inataka Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia mwaka 2014. Nikamwekea XP ndani ya VirtualBox, juu ya Linux. Kusoma data za injini, safi kabisa! Tena XP ikiharibika unarudisha nakala ya jana.

Lakini kuandika upya ECU, ile kompyuta ya gari? Hapo nakataa. Kebo ya USB inapitia mifumo miwili. Mawasiliano yakikatika katikati ya kuandika, gari linaweza kukataa kuwaka. Nikamwambia atafute laptopu kuukuu yenye XP halisi, na betri ya gari aiunganishe na chaja. Alinung'unikia gharama. Nikamuuliza, hiyo Subaru ni yako?