Kuweka vijiti vya uzazi rahisi, kuvitoa kibarua

UTAFITI wa kitaifa kuhusu afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kuwa takriban mwanamke mmoja kati ya watano walioolewa nchini Kenya hutumia vipandikizi, vile vijiti laini vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono ili kupanga uzazi.

Ufanisi huo haukuja hivi hivi. Mnamo 2012 na 2013, wafadhili na watengenezaji waliafikiana kupunguza bei ya vijiti hivyo kwa karibu nusu katika mataifa maskini. Hata hivyo, kila kijiti kinachoingia lazima siku moja kitoke. Kaunti za Kisii na Nyamira, ambazo sensa ya 2019 ilipata zina zaidi ya watu milioni 1.8, zinafaa kujiuliza iwapo ziko tayari kwa siku hiyo.

Kwa kawaida, mhudumu hukipapasa kijiti kwa vidole, akachanja ngozi kidogo na kukitoa kwa dakika chache. Tatizo huzuka pale kilipowekwa kwa kina kupita kiasi, kikawa hakigusiki. Kukitafuta kwa kisu bila kujua kiliko ni hatari, kwa kuwa sehemu hiyo ya mkono hupitiwa na mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu.

Hapa ndipo altrasaundi inapohitajika. Eksirei yaweza kuonyesha kijiti cha Implanon NXT, kilichotiwa madini ya bariamu, lakini haisemi kiko umbali gani kutoka kwenye mshipa. Mawimbi ya sauti hugonga kijiti na kuacha kivuli kwenye skrini, hivyo daktari akajua kina chake na kilicho jirani nacho.

Lakini si kila mashine inafaa. Kifaa kinachopitishwa tumboni kumtazama mtoto hulenga mbali, ilhali kijiti kiko karibu na ngozi. Huhitajika kifaa bapa chenye mawimbi ya megahezi 10 au zaidi, na mtaalamu aliyezoea kukitumia.

Mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu ulioanza 2015 ulilenga hospitali mbili katika kila kaunti, altrasaundi ikiwemo. Swali, basi, si mashine pekee. Je, mwanamke wa Nyamusi au Nyamache anajua aelekezwe wapi kijiti kisipopatikana katika zahanati yake?

Uzito wa swali hili utaongezeka. Watafiti wanafanyia majaribio vijiti vya plastiki inayoyeyuka mwilini. Japo havitahitaji kutolewa vikishaisha, mwanamke atakayetaka kuzaa mapema bado atahitaji mtu wa kuviona na kuviondoa.

Misaada nayo imepungua. Shirika la USAID, lililokuwa mfadhili mkubwa wa upangaji uzazi, lilifungwa rasmi Julai 2025. Mzigo sasa unaelemea serikali za kaunti.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma za afya ya uzazi. Haki hiyo haikomei kwenye kuwekewa kijiti. Kaunti hizi mbili jirani zingeweza kuteua kituo cha pamoja cha rufaa, zikafunza wahudumu wake na kutangaza siku za huduma. Mwanamke asiyeweza kuacha njia ya uzazi anapotaka hawezi kusemwa kuwa aliichagua kwa hiari.