Nyayo za Dume na za Jike

Wako watu ambao, wakitembea nyikani karibu na Voi na kuuona ukwato mmoja juu ya udongo mwekundu, hutangaza papo hapo: "Huyu dume, maana mguu wake mkubwa." Husema hivyo kwa sauti ya hakimu. Mimi nasema kuwa hukumu hiyo haina ushahidi, na tena ina hatari.

Tuanze na digidigi, yule paa mdogo wa vichakani. Katika jamii yake jike humzidi dume kidogo kwa uzito. Na fisi mwenye madoa je? Jike ndiye mkubwa, na ndiye mwenye amri. Basi mtu aliyeshika kanuni kwamba kila kikubwa ni cha kiume atakosea kwa wote wawili, wala hatajua kuwa amekosea, kwa sababu wanyama hawarudi kumsahihisha.

Nakubali kwamba swala pala dume aliyekomaa ni mzito kuliko jike, na kwato zake za mbele, zinazobeba shingo nene na pembe, huelekea kuwa pana zaidi. Lakini dume kijana huweza kuacha alama iliyo sawa na ya mama yake. Tena tope hupanua alama, mchanga hubomoa kingo zake, na mnyama akimbiaye hutanua kwato. Apimaye ukwato mmoja hupima udongo pamoja na mnyama, asijue kipi ni kipi.

Wasasi hodari hawakuwa na haraka hiyo. Waata, wapiga upinde walioandama ndovu katika nyika ya Tsavo, waliifuata njia ya mnyama mwendo mrefu kabla ya kutoa mshale. Tsavo ilifanywa hifadhi mwaka 1948, wengi wao wakafungwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa wanyama wakubwa. Siutetei uwindaji, nautetea ujuzi. Afuataye njia hupata shahidi wa pili na wa tatu. Mkojo wa swala dume huanguka kati ya nyayo za mbele na za nyuma; wa jike huanguka nyuma, penye nyayo za miguu ya nyuma. Vikwato vya mtoto kando ya vikubwa husema jambo lisilohitaji kipimo.

Mtadhani haya ni mabishano ya wavivu kivulini. Mwulizeni mkulima wa Sagalla aliyeamka na kukuta mahindi yake yamekanyagwa. Unyayo wa mbele wa ndovu ni mviringo, wa nyuma ni mrefu kama yai. Dume huendelea kukua miaka mingi, hata unyayo wa dume mzee ukawapita majike wote. Lakini dume kijana na jike mzima hulingana. Mkulima akiona unyayo mmoja akasema, "Dume peke yake, amekwisha kwenda," asitazame pembeni palipo na vinyayo vya mtoto, huenda akaingia kichakani penye kundi zima la majike, na mama asiyetaka mtu amkaribie mwanawe.

Mimi nikionyeshwa ukwato mmoja nikaulizwa ni wa nani, hujibu kuwa sijui. Kisha huomba tuifuate njia, kabla upepo haujaifuta.