Wapiga picha Mnazi Mmoja washushe flashi, wapandishe kipato

WAPIGA picha wadogo wanaotafuta riziki kuanzia viwanja vya Mnazi Mmoja hadi mitaa ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, wana kilio kimoja: simu imewanyang'anya wateja.

Kilio hicho kina msingi. Mzazi aliyemvalisha mwanawe nguo mpya ya Idd na kumleta Mnazi Mmoja hana tena sababu ya kumtafuta mwenye kamera, kwa kuwa yake anayo mfukoni. Mwombaji wa Kitambulisho cha Taifa au leseni ya udereva naye hupigwa picha palepale ofisini, hivyo hata fedha ya picha za pasipoti imepungua.

Hata hivyo, kulalamika peke yake hakumrudishi mteja. Swali ambalo kila mpiga picha anapaswa kujiuliza ni hili: ana kitu gani ambacho simu ya mteja haina? Kamera kubwa shingoni siyo jibu, maana mteja hanunui kamera, ananunua picha. Jibu ni mwanga, na hasa uwezo wa kuuweka mwanga mahali unapotakiwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wao tayari wana taa ya flashi, lakini wameiacha juu ya kamera, mahali ambapo inafanya kazi mbaya kuliko pengine pote. Wakiishusha na kuisimamisha pembeni, watakuwa na bidhaa ambayo simu haijaweza kuiga kirahisi.

Kasoro ya flashi iliyo juu ya kamera

Flashi iliyokaa juu ya kamera humulika mtu kutoka upande uleule ambao lenzi inatazama. Vivuli vyote hujificha nyuma yake, na uso usio na kivuli hauna umbo. Pua, mashavu na kidevu huwa bapa kama sahani. Paji la uso lenye jasho la Dar es Salaam hung'aa kama bati jipya, ukutani hutokea kivuli cheusi, na macho huweza kuwa mekundu kwa sababu mwanga huingia ndani ya jicho na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi.

Ukumbini hali huwa mbaya zaidi. Mwanga wa flashi hupungua haraka kadiri unavyosafiri: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo tu. Ndiyo maana katika picha nyingi za harusi wageni wa mstari wa mbele hutoka weupe kama waliopakwa unga, na wa nyuma hubaki gizani.

Kwa ngozi nyeusi kuna kosa jingine linalostahili kukemewa. Wapo wapiga picha wanaoongeza nguvu ya flashi hadi mteja atoke mweupe kuliko alivyo, kisha wakaita hiyo ni picha safi. Ngozi nyeusi haihitaji kufutwa. Uzuri wake pichani unatokana na jinsi inavyorudisha mwanga. Mwanga mpana unaotoka pembeni huchora mng'ao laini kuanzia paji la uso hadi shavuni, na mteja hujiona ni yeye, tena katika siku yake nzuri.

Si elimu ngeni

Ifahamike kwamba kuweka taa pembeni si jambo lililoletwa na kamera za kisasa. Mwambao huu umekuwa na studio za picha kwa zaidi ya karne moja. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ni mojawapo ya zilizojijengea jina kubwa. Katika studio za zamani taa ilisimama kwenye mguu wake, na mpiga picha aliisogeza huku na huku kabla ya kugusa kamera. Flashi ndogo ilipopata nafasi juu ya kamera, watu walipata wepesi wa kukimbia nayo, lakini wakapoteza ufundi huo.

Habari njema ni kwamba ufundi huo sasa unaingia kwenye begi moja.

Vifaa vya kuanzia

Anayeanza hahitaji vitu vingi. Anahitaji flashi moja ambayo nguvu yake hurekebishwa kwa mkono, kuanzia nguvu kamili hadi nusu, robo na kushuka chini zaidi. Anahitaji triga ya redio, yaani kifaa kinachokaa juu ya kamera na kuiamuru flashi iwake kutoka mbali. Anahitaji stendi, kishikio cha kufungia flashi na mwavuli mweupe wa kupigia picha. Mwisho ni betri nne za kuchaji, pamoja na nyingine nne za akiba.

Flashi za China kama Godox na Yongnuo zimewapunguzia mzigo wenye mtaji mdogo. Baadhi, mfano Godox TT600, zina kipokezi cha redio ndani yake, hivyo mnunuzi huongeza triga ya kwenye kamera tu.

Anayenunua kifaa kilichotumika awe macho. Flashi nyingine za zamani zilitengenezwa kwa kamera za filamu na hutoa volti nyingi pale zinapogusana na kamera, kiasi cha kuweza kuunguza kamera ya dijitali. Kabla ya kulipa, mnunuzi aiwashe flashi kwa nguvu kamili mara kumi, kisha ahesabu hatua ishirini na kujaribu kama triga inaipata. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshajibu swali.

Aidha, flashi iliyoharibika isifunguliwe na asiyeijua. Ndani yake kuna kapasita inayohifadhi umeme mkali hata baada ya betri kutolewa, na umeme huo unaweza kumdhuru mtu vibaya.

Hatua za mwanzo

Hatua ya kwanza ni mahali pa kuiweka taa. Stendi isimame mbele ya mteja, ikiwa imeegemea upande mmoja kiasi cha nyuzi 45, na flashi iwe juu kidogo ya kichwa chake ikimwangalia. Mwavuli uwe umbali wa mita moja na nusu hivi. Kadiri mwavuli unavyokaribia uso ndivyo mwanga unavyokuwa laini. Kuusogeza mbali ili "mwanga uenee" ni kosa la kawaida, kwani taa iliyo mbali huonekana ndogo, na taa ndogo huleta vivuli vikali.

Hatua ya pili ni kamera. Mpiga picha aachane na mpangilio wa otomatiki. Ndani ya nyumba aanze na ISO 200, tundu la lenzi f/5.6, spidi ya shata 1/125 ya sekunde, na flashi kwenye robo ya nguvu. Apige picha moja na kuitazama. Uso ukiwa mweusi mno, aongeze nguvu ya flashi hadi nusu. Ukiungua, aishushe hadi moja ya nane.

Hatua ya tatu ndiyo siri yenyewe. Flashi huwaka na kuzima kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kwa hiyo spidi ya shata haibadilishi mwanga wake. Spidi hiyo hubadilisha mwanga wa mahali: taa za ukumbini, dirisha, anga. Mpiga picha wa harusi anayeona mapambo ya nyuma yametoka meusi asiongeze flashi; apunguze spidi kutoka 1/125 hadi 1/30, na taa za ukumbi zitaonekana huku uso wa bibi harusi ukibaki vilevile. Ila asipandishe spidi kupita 1/200 kabla ya kujua uwezo wa kamera yake, kwa sababu katika kamera nyingi kupita hapo huleta utepe mweusi upande mmoja wa picha.

Nje, jua la saa sita mchana katika viwanja vya Mnazi Mmoja hutia vivuli vyeusi machoni. Mteja ageuzwe jua limpige mgongoni, kamera iwe ISO 100, spidi 1/200 na tundu f/11, kisha flashi imjaze usoni kwa nguvu kamili kutoka pembeni. Mwavuli ukitumika usogezwe hadi mita moja, kwa sababu hula sehemu kubwa ya nguvu. Miguu ya stendi iwekewe mfuko wa mchanga. Upepo ukiukamata mwavuli, huugeuza tanga, na flashi huanguka.

Faida kwa mfanyabiashara na mkulima

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kizuri hakijiuzi kama picha yake ni mbaya, kwa sababu mnunuzi wa Mbeya au Mwanza hukiona kwanza kwenye WhatsApp.

Muuza kanga wa Mtaa wa Uhuru anayepiga picha kwa flashi ya mbele huua rangi za kanga zake na kuficha ufumaji. Taa ikipita juu ya kitambaa kutoka pembeni, kila uzi huonekana. Nanasi la Kiwangwa na chungwa la Muheza huonyesha ganda lake kwa namna hiyohiyo. Asali nayo inataka taa iwe nyuma ya chupa, mwanga upite ndani yake, na mbele iwekwe karatasi nyeupe ya manila ya kurudisha mwanga kwenye lebo. Chupa iliyokuwa kama dawa ya kikohozi inageuka dhahabu.

Hapa ndipo soko jipya lilipo. Mwenye duka Kariakoo hupokea mzigo mpya mara kwa mara, na kila mzigo unahitaji picha. Mteja wa harusi hulipa mara moja. Mwenye duka hurudi.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema taa za LED zinatosha. Ni kweli LED ni rahisi kujifunza, kwa sababu mpiga picha huona kivuli kabla ya kubonyeza, na kwa video hakuna budi kuitumia. Lakini LED ndogo haina ubavu mbele ya jua la mchana, na usiku humlazimisha mpiga picha kushusha spidi hadi wacheza muziki wakawa ukungu. Flashi ndogo hushinda katika mambo yote mawili.

Wengine watasema mteja wa Kariakoo hajali, anataka picha ya haraka na ya bei nafuu. Mteja huyo hajaonyeshwa tofauti. Mpiga picha ampige mara mbili, moja kwa flashi ya juu ya kamera na nyingine kwa ya pembeni, ampe zote mbili atazame. Asipoona tofauti, hakuna kilichopotea.

Kinachotakiwa kufanyika

Gharama isiwe kisingizio. Wapiga picha watano wanaweza kuchanga, wakanunua seti moja na kupangiana siku. Halmashauri zimeelekezwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wapiga picha vijana chenye mpango wa biashara unaoeleweka kina hoja nzito kuliko kinachoomba fedha bila kueleza kitazifanyia nini.

Vyuo vya ufundi, VETA ikiwemo, vingefanya jambo la maana kama vingekuwa na mafunzo mafupi ya mwanga kwa wapiga picha walioko kazini, jioni baada ya saa za biashara. Jambo hili halihitaji mwaka mzima. Wiki mbili za kusogeza stendi, kupiga na kutazama zinatosha kumwondoa mtu kwenye otomatiki.

Simu zitaendelea kuwa bora, na picha rahisi hazitarudi mikononi mwa wapiga picha. Atakayebaki na kazi ni yule anayeweza kumweka mteja, nguo au tunda katika mwanga ambao mwenyewe hangeweza kuupata. Hatua ya kwanza ni kufungua kibano na kuishusha flashi, na hiyo haina gharama.