Usiku wa gemu uwe usiku kweli

Ukicheza Skyrim, ile gemu ya 2011, saa sita za usiku unaona nini? Kila kitu. Milima unaiona, njia unaiona, hata mbwa mwitu anayekujia unamwona akiwa bado mbali. Kilichobadilika ni rangi tu. Si ajabu wachezaji wenyewe waliunda modi za kuongeza giza.

Msimamo wangu ni huu: usiku usiokulazimisha kubadilisha mpango ni pambo tu.

Cheki Dragon's Dogma ya 2012. Jua likizama, bila taa huoni mbele, na taa yenyewe inakula mafuta. Yakiisha, shauri yako. Ndiyo maana kabla ya kutoka mjini unajiuliza: nitafika kabla ya giza kuingia, ama nilale hapa? Katika Dying Light ya 2015, viumbe hatari zaidi hutoka usiku, lakini pointi unazopata huwa maradufu. Giza lina hasara na lina faida, kazi kwako. Nayo Kingdom Come: Deliverance ya 2018, tembea mjini usiku bila mwenge uone kama walinzi hawatakusimamisha.

Najua utasema, "Buda, mimi nachezea TV ya kitambo, dirisha liko nyuma yangu, jua linapiga skrini. Hilo giza nitachezaje?" Hapo uko sawa. Wasee wengi mtaani hawana skrini za bei ghali wala mapazia mazito. Ukifa kwa sababu skrini yako haionyeshi kitu, hiyo si changamoto, ni kuonewa. Matokeo yake ni kwamba unapandisha mwangaza hadi mwisho, na usiku unaishia hapo.

Lakini dawa si kuua giza. Waundaji wa gemu watupe njia ya kupima mwangaza wa skrini kabla ya kuanza. Watupe taa, kisha watuachie uamuzi wa kuiwasha, tukijua kwamba adui naye ataiona. Na sauti zifanye kazi: nyayo, matawi yakivunjika, pumzi nyuma yako. Masikio hayahitaji TV mpya.

Tena giza lisiwe la aina moja. Kama umewahi kulala ushago unajua: kukiwa na mbalamwezi unafika kwa jirani bila tochi, mwezi usipokuwepo, hata mkono wako huuoni. Minecraft ina mwezi wenye maumbo manane, lakini mwangaza wa usiku wake hubaki ule ule. Hiyo ni nafasi iliyopotezwa.

Kwa hivyo leo ukiwasha gemu, usikimbilie kupandisha mwangaza, wala kulala ili kuche haraka. Chukua taa yako, toka nje ya mji, usikilize. Usiposita hata kidogo, jua huo bado ni mchana.